Namna ya Kuwa Mkongwe wa Jukwaa Bila Kupanda Tena Jukwaani

Wapo wanaodhani kukumbuka siku zile za maigizo ni kazi ya kukaa kitako na kungoja kumbukumbu zije zenyewe. Hao hawajapata kukaa na mkongwe wa kweli. Mkongwe wa kweli hangoji. Ukimkuta kijiweni Magomeni jioni, kikombe cha kahawa kiko mkononi, kipande cha kashata kiko mdomoni, na kumbukumbu zake zimeshafanyiwa mazoezi: zina mwanzo, zina kilele, zina mahali pa kunyamaza ili msikilizaji aulize, "Enhe, ikawaje?" Na hazijawahi kusimuliwa vilevile mara mbili.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyewahi kuigiza katika kikundi cha mtaani, cha shule, cha kiwandani au cha parokia, kati ya miaka ya sabini na tisini, ambaye leo ana kitambi, ana presha, na anataka kuheshimiwa kwa kazi aliyoifanya bure. Masharti ya kujiunga ni mepesi. Si lazima uwe uliigiza vizuri. Si lazima hata uwe uliigiza. Waliopanga viti, waliochana tiketi, aliyepampu karabai, na yule kaka aliyekuwa hakosi mazoezi kwa sababu tu dada fulani alikuwa hakosi mazoezi, wote ni wakongwe halali.

Jipatie igizo lenye jina

Wanaoanza hukosea kwa kusema, "Tulikuwa tunaigiza michezo mbalimbali." Michezo mbalimbali haimsisimui mtu. Mkongwe ana igizo moja, lina jina, na jina hilo hulitaja mapema kabla kahawa haijapoa.

Hapa Tanzania chaguo salama kuliko yote ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Ilichapishwa 1969, ikasomwa sekondari kizazi baada ya kizazi, na habari zake ni za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo hakuna mwenye ujasiri wa kuvibeza. Lakini uzuri wake mkubwa kwa mkongwe ni wingi wa watu. Kuna wanakijiji, kuna wapiganaji, kuna askari, kuna watu wa kulia na watu wa kukimbia. Kikundi chochote kiliweza kuwatumbukiza humo vijana wote waliojitokeza, pamoja na mdogo wa mwenyekiti. Kwa hiyo wakijitokeza hata Watanzania elfu hamsini wakadai walikuwemo, nani atasimama awakanushe?

Mashetani, ya mwandishi huyohuyo, ya 1971, ni ya hatari. Wahusika ni wachache mno. Ukisema ulikuwemo utaulizwa papo hapo: ulikuwa Juma au Kitaru? Na ukishajibu, hapo kijiweni hakosekani mwalimu mstaafu atakayetaka umfafanulie ule mbuyu una maana gani. Wasomi wanabishana juu ya shetani yule mpaka leo. Wewe agiza kahawa nyingine. Anayetaka heshima ya haraka aseme aliigiza Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, kisha aongeze kwa sauti ya chini, "tafsiri ya Mwalimu." Ni kweli Nyerere alizitafsiri tamthilia hizo za Shakespeare, ile ya Kaizari ikatoka kwanza 1963 na ya Mabepari 1969, na ukilitaja jina lake kwa utulivu unaostahili, watu wataondoka wakiamini ni yeye mwenyewe aliyekupangia nafasi.

Waliokulia kwenye ngonjera wasijione wanyonge. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikuwa vigumu mgeni rasmi afike shuleni aondoke bila kughaniwa ngonjera, na Mathias Mnyampala, aliyeupigania utanzu huo hadi alipofariki 1969, alituachia kanuni nyepesi: mmoja hajui, mwenzake anajua, anayejua humfunza asiyejua, na mwishoni wote huwa kitu kimoja. Kama wewe ndiwe uliyekuwa asiyejua, yule aliyesimama mbele ya mkuu wa wilaya akakipinga kilimo cha kisasa ubeti baada ya ubeti kabla ya kusalimu amri, usiseme ulicheza mjinga. Sema ulikuwa upinzani, na kwamba uliuanza zamani sana, kabla ya vyama vingi kurudi 1992.

Panda cheo polepole

Tuambizane ukweli: ulikuwa Askari wa Tatu. Uliingia na bunduki ya mbao, ukasema "Twende!", ukatoka. Hilo halina aibu, ila haliwezi kujaza jioni nzima. Ndiyo maana cheo lazima kipande, na kupanda kwake kuna adabu zake. Usiruke kutoka Askari wa Tatu hadi Kinjeketile mwenyewe kwa kikao kimoja. Hata katika jeshi la Wajerumani mtu alianza chini, akawa ombasha, baadaye shaushi. Miaka ya mwanzo baada ya kikundi kuvunjika, jitaje tu kuwa ulikuwa "upande wa jeshi". Mvi zikianza, sema ulikuwa kiongozi wa askari. Nafasi ya Kitunda, mhusika mwingine wa mchezo huohuo, iache mpaka aliyeicheza ahamie Canada. Kinjeketile mwenyewe mweke akiba kwa ajili ya wajukuu, maana wao hawana pa kuulizia.

Kikwazo ni kimoja tu: maneno. Patatokea mtu wa kukwambia, "Mzee, hebu tupe kidogo." Hapa ndipo wengi huumbuka, na wa kulaumiwa si uzee, ni daftari. Nakala ya kitabu ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mwongozaji, au ya maktaba na ilitakiwa irudishwe wiki iliyopita. Kila mmoja alinakili maneno yake tu kwenye daftari la shule, na juu ya kila kipande chake akaandika maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake, ili ajue wakati wake wa kudakia. Ukilifungua daftari hilo leo, kama panya wamekuachia, utakuta: "...na watoto wetu." Chini yake wewe: "Sikubali!" Kisha: "...kabla jua halijazama." Wewe tena: "Sikubali!" Nani alizungumzia watoto, jua lilihusikaje, na ulikuwa hukubali kitu gani, daftari halisemi. Wapo watu walioigiza mchezo mmoja msimu mzima bila kuijua habari yake, wakaja kuijua miaka mingi baadaye mtoto wao alipopewa kitabu kilekile shuleni akaomba asaidiwe kazi ya nyumbani.

Kwa hiyo ukiombwa maneno, toa "Sikubali!" moja nzito, itokee kifuani, kisha tazama pembeni na useme, "Basi, tuyaache." Hakuna atakayekulazimisha.

Mazoezi: yatukuze, lakini usiyaeleze sana

Mazoezi yalifanyika kwenye darasa la shule ya msingi baada ya watoto kuondoka. Madawati yalisukumwa ukutani, na ubaoni palikuwa na hesabu za sehemu pamoja na onyo kwa herufi kubwa: USIFUTE. Muda ulioandikwa ni saa kumi kamili. Saa kumi na moja alikuwa amefika katibu. Kumi na mbili unusu, mbu walikuwa wengi kuliko wasanii, na ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu mwongozaji alikuwa ametoka kazini.

Huyu alikuwa akiitwa "Mwalimu" hata kama kazi yake ya mchana ilikuwa ukarani bandarini. Aliwahi kupelekwa semina Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, akarudi na elimu kuu tatu: kuvua viatu kabla ya mazoezi, kuzungusha shingo, na sauti kutoka tumboni. Kuhusu sauti ya tumboni alikuwa mkali sana. Kwa kuwa wengi walikuwa wamefika bila kula mchana, tumbo lilitoa sauti bila kuongozwa.

Lakini sehemu kubwa ya jioni haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya vikao. Sheria iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ni ya 1984, na tangu hapo kikundi kilichotaka kutambuliwa kilipaswa kujisajili, na usajili ulitaka karatasi. Basi tukawa watu wa karatasi: katiba, orodha ya wanachama, barua kwa Afisa Utamaduni, mhuri. Kikundi cha watu wachache tu kilikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi, mlezi, mjumbe wa nidhamu na mweka hazina, ambaye kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko zote nchini. Waliobaki bila cheo ndio waliopewa nafasi za kuigiza. Kikao cha dharura kuhusu kanga mbili za maleba zilizopotea kiliweza kwenda mpaka saa nne usiku, na ukitaka kusema kweli, mle kwenye kikao ndimo mlimokuwa na uigizaji wa hali ya juu: machozi ya kweli, kimya cha kweli, watu kutoka kwa hasira na kurudi kwa sababu wamesahau baiskeli.

Katika simulizi yako vikao visiwepo. Sema tu, "Tulikuwa tunakesha mazoezini." Si uongo.

Maleba yanastahili muda zaidi, kwa sababu ndiyo kitu pekee ambacho vijana wa leo hawawezi kukipata hata wakiwa na fedha. Chukua ndevu za Mjerumani wa kikundi chetu. Pamba iliombwa zahanati, ikachovywa kwenye chai ya rangi ili ifanane na nywele za Mzungu, ikaanikwa juani juu ya bati, kisha ikagandishwa kidevuni kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa mchana uleule. Mpaka Mjerumani anaingia, ndevu zilikuwa mahali pake. Kisha joto la karabai likafanya kazi yake. Gundi ikalainika, upande wa kushoto ukaanza kuteremka kuelekea shingoni, na mwigizaji, ambaye hakuwa mjinga, akashika kidevu kwa mkono mmoja akakiachilia pale pazia lilipofungwa. Aliamuru watu wachapwe huku ameshika kidevu. Alisoma hukumu huku ameshika kidevu. Mgeni rasmi alipopewa nafasi ya kuzungumza akamsifu yeye peke yake, kwamba ameonyesha Mkoloni aliyekuwa akifikiri kwa kina. Msimu uliofuata, kikundi cha mtaa wa pili nacho kilikuja na Mjerumani aliyeshika kidevu, na wao ndevu zao zilikuwa za kuchora kwa mkaa.

Wahesabu watazamaji vizuri

Kwanza, ukumbi. Kama uliigiza Dar es Salaam, sema Arnautoglu. Ukumbi ule wa Mnazi Mmoja, wenye jina la tajiri wa mkonge wa Kigiriki, umeona mikutano, dansi na maonyesho tangu miaka ya hamsini, na hakuna atakayekuuliza tarehe. Usitaje lile darasa ambamo jukwaa lilitengwa kwa mashuka yaliyoazimwa.

Kisha idadi. Kanuni ni kuanza na waliolipa, ukaongeza waliokuwa dirishani, ukaongeza waliopita barabarani wakageuza shingo, kisha ukazidisha kwa kadiri ya umri wako. Usikumbushie kwamba wikiendi ileile vikundi vikubwa vya Muungano au TOT vilikuwa na onyesho, lenye ngoma, sarakasi, kichekesho na taarabu kwa kiingilio kimoja, na kwamba mji mzima ulikuwa huko, pamoja na mweka hazina wenu.

Mgeni rasmi hawezi kukosekana, na lazima achelewe. Kila mkongwe anayo habari ya mgeni rasmi aliyefika mchezo umefika katikati, ikabidi usimamishwe. Waliokwisha kufa wakafufuka, wakajifuta vumbi, wakaanza upya toka mwanzo. Hii isimulie jinsi ilivyo. Haihitaji chumvi.

Sehemu ya kuruka

Kuna sura ambayo wakongwe wanaume huiruka, na mwongozo wenye adabu lazima ueleze namna ya kuiruka bila kujikwaa. Ni sura ya wasichana.

Kumpata msichana wa kuigiza kulihitaji ujumbe. Watu wazima wawili, mmoja amevaa shati la kuazima, walikwenda kwa baba yake jioni, wakaketi mkekani, wakazunguka na habari za mvua na bei ya sukari kabla ya kutamka walichokijia. Jirani waliochungulia walidhani ni posa. Baba akikubali, alikubali kwa sharti kwamba binti awe nyumbani kabla ya magharibi. Onyesho lilikuwa saa mbili usiku. Mara nyingi, basi, mke wa shujaa alikuwa kijana mwenye miguu ya mcheza mpira, amejifunga kanga mbili, sauti ameibana puani, na ukumbi mzima ukimcheka hata pale alipokuwa anaililia maiti ya mumewe.

Wale wasichana waliopatikana walifanya kazi mara tatu. Walishona maleba. Walipika ule uji ambao ndio ulikuwa malipo pekee. Na walipokuwa hawako jukwaani walikaa nyuma ya pazia na kile kitabu kimoja, wakimnong'oneza kila aliyepotea, kwa hiyo ni wao tu waliojua mchezo mzima. Njiani kurudi nyumbani waliitwa wahuni, na waliowaita hivyo walikuwa walewale waliopiga makofi nusu saa iliyopita. Wakiolewa, mume alikataza. Nafasi ikarithiwa na mdogo mtu, naye mpaka aolewe.

Si kwamba mfano haukuwepo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwepo Penina Muhando, mwandishi wa Hatia, iliyotoka 1972, na baadaye Nguzo Mama. Alikuwepo Amandina Lihamba, akifundisha, akiongoza, akiigiza. Ila kutoka Mlimani hadi Manzese kulikuwa mbali kuliko nauli ya basi ilivyoonyesha.

Sasa, mbinu. Katika simulizi, huyo msichana mwite "yule dada aliyecheza mke wa mfalme," usilikumbuke jina lake, pita. Na ukikutana naye leo, mama mzima mwenye duka la vitenge Mwenge, msalimie, mwulize hali ya watoto, nunua doti moja, uondoke. Kosa kubwa kuliko yote utakalofanya ni kumuuliza kama anakumbuka. Anakumbuka. Anakumbuka nani alisahau maneno, nani alipanda jukwaani amelewa, nani alikuwa Askari wa Tatu. Anakumbuka na fedha za kiingilio zilizodaiwa kuibiwa kwenye daladala, na viatu vipya vilivyoonekana Jumatatu yake.

Kuhusu fedha

Msemo wa lazima ni huu: "Sisi tuliigiza kwa mapenzi." Useme ukitikisa kichwa kidogo, kama anayewasikitikia watoto wa leo.

Ni kweli, mpaka posho ilipoingia. Mwanzo wa jambo lenyewe ulikuwa wa heshima. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa chuo kikuu, akina Lihamba, Muhando na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji waliochambua matatizo yao wenyewe, wakayageuza ngoma na michezo, kisha wakayajadili. Sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ndivyo zilivyoitwa. Lakini kitu hicho kilipotufikia mitaani miaka ya tisini, kilikuwa kimepanda gari la mradi lenye nembo mlangoni. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera 1983, ulikuwa sasa unaua katika kila ukoo, na wafadhili walitaka michezo sokoni. Matatizo hatukuyachambua tena. Yalikuja yamechambuliwa, yamechapwa, yana vipengele.

Mchezo ulikuwa mmoja. Kulikuwa na dereva wa lori, mganga wa kienyeji, mke asiyejua kitu, na nesi. Nesi aliongea robo saa bila kukatishwa. Mradi ukiisha, ukaja wa malaria: dereva akabaki, mganga akabaki, nesi akapewa chandarua. Ukaja wa vyoo: nesi akawa bwana afya, na mganga akawa mtu anayekataa kuchimba. Waigizaji walikuwa wepesi, maneno yalishakaririwa, na mwishoni kila mmoja alisaini fomu ya posho, mara nyingine fomu mbili kwa posho moja. Nasema haya bila dharau. Watu sokoni walisimama juani wakasikiliza, na wapo waliouliza maswali ambayo wasingethubutu kuyauliza hospitali. Pia ni kipindi pekee ambacho mama mwenye nyumba hakumgongea msanii mlango kwa hasira. Ila mkongwe hakitaji. Yeye aliigiza kwa mapenzi.

Walaani wa leo

Hili ni fupi, kwa sababu unalijua tayari. Televisheni iliua maigizo. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara tulikaa salama hadi 1994, ITV ilipoanza, na kabla ya miaka ya tisini kwisha waigizaji wa kikundi cha Kaole walikuwa sebuleni kwa kila mwenye jirani mwenye televisheni. Lisemwe kwa uchungu. Usiseme kwamba siku ya usaili wa tamthilia ya televisheni kikundi chenu kizima kilikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, mwongozaji akiwa wa kwanza, viatu amevaa.

Wa Bongo Movie, sema hawajui kutoa sauti tumboni. Wa TikTok, sema hawajui hata kama kuna tumbo. Na ukiwa mtu wa Tanga, dai kwamba uliigiza na Mzee Majuto. Tangu King Majuto alipofariki Agosti 2018, walioigiza naye wamezidi kuongezeka, na mji wa Tanga peke yake hauwezi kuwatosha.

Kundi la WhatsApp nalo halikwepeki. Litakuwa na Ijumaa Karim, salamu za Jumapili njema, michango ya misiba, na picha moja ya zamani ambayo kila mtu anajiona na hakuna anayewatambua wengine. Kila Januari mtu mmoja, mara nyingi yuleyule, ataandika: "Wakongwe wenzangu, mwaka huu turudi jukwaani!" Jibu kwa kidole gumba. Vidole gumba vitafika ishirini, mmoja ataandika "Wazo zuri sana mkuu", mwingine "Tupo pamoja". Asiulizwe mtu lini, wala wapi. Aliyewahi kuuliza lini alijibiwa na kimya cha siku tatu, kisha akawekwa mweka hazina.

Siku utakapoalikwa

Pamoja na tahadhari zote hizi, siku moja utaalikwa. Kijana wa mtaani, pengine mtoto wa yule mama wa vitenge, ana kikundi. Wamefanya mazoezi miezi kadhaa, wameandika mchezo wao wenyewe, wamekodi ukumbi, wamebandika matangazo mpaka kwenye nguzo za umeme. Kiingilio ni shilingi elfu tano. Amekuja kukuambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Tunaomba uje, wewe ndiwe mwenye fani."

Nenda. Kutokwenda kutaonekana. Vaa kofia, tembea taratibu, fika umechelewa kiasi cha mgeni rasmi. Mlangoni utamkuta binti mwenye kitabu cha tiketi na boksi la fedha, ambalo lilikuwa la viatu. Usitie mkono mfukoni. Simama tu, mtazame yeye, utazame na ukumbi nyuma yake, kama mtu anayekumbuka mengi.

"Shikamoo mzee. Tiketi?"

"Marahaba mwanangu. Mimi ni msanii."

Hapa wengine hukosea kwa kuishia hapo. Endelea. Mwambie miaka ile hapakuwa na taa wala spika. Mtajie Kinjeketile. Mwambie sanaa nchini inakufa kwa sababu watu hawaiungi mkono. Akisitasita, mpe "Sikubali!" kidogo, ya tumboni. Atakuruhusu, wamelelewa vizuri watoto hawa. Ila ukiingia usikimbilie mbele. Safu tatu za mbele zimeshajaa, wote wana kofia, wote wameshika mikongojo, na hakuna hata mmoja aliyechaniwa tiketi. Waliolipa wako wanne, wamekaa nyuma kabisa, na mmoja wao ni mama wa vitenge.